Pikapu ya Babu: kabla hujashika spana

Tangu pikapu ya Babu ianze kushuka Moshi kwa magurudumu yake yenyewe, vijana watatu wamenijia na habari moja: wana Landrover ya babu yao chini ya mparachichi, wanataka kuifufua, waanzie wapi? Tatizo ni kwamba wote watatu walikuwa wameshaanza. Mmoja kanunua rangi. Wa pili kafungua injini yote na kuitia kwenye ndoo nne bila alama. Wa tatu kafunga betri mpya akapiga stata mpaka moshi ukatoka kwenye waya. Haya ninayaandika kwa ajili ya wa nne, ambaye bado hajagusa kitu.

Pikapu ya Babu yenyewe ni Landrover 109 ya mwaka 1965, ile inayoitwa Series IIA, iliyotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Injini ni ya petroli, silinda nne, cc 2286. Babu aliinunua ikiwa imeshatumika, akabebea kahawa, mbolea, maharusi na majeneza. Ilipogoma aliiegesha nyuma ya zizi, na ikakaa hapo miaka kumi na saba.

Kabla ya spana, tafuta kadi ya gari. Kama mwenye jina kwenye kadi ameshafariki, malizeni habari ya mirathi mahakamani kwanza, apatikane msimamizi, ndipo uende TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki. Gari likiwa kitanda cha kuku hakuna anayelidai. Siku likiunguruma, baba wadogo wote wanakumbuka kwamba ni mali ya ukoo. Mimi nilikumbushwa nikiwa nimeshamaliza akiba yangu yote.

Ukishatulia upande huo, chukua nyundo ndogo uingie chini. Bodi ya Landrover ni ya alumini, kwa hiyo inaweza kukudanganya kwa miaka mingi, juu inang'aa na chini hakuna kitu. Chesesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma, na kutu inaila kutokea ndani kuja nje. Gonga polepole kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kibuyu. Gonga hasa boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikwa, na mikono inayobeba bodi pembeni. Kisha panda juu uangalie pale miguu ya dereva inapokaa, kwa sababu ule ukuta kati ya injini na dereva nao ni chuma. Ukikuta chesesi imeoza kwenye springi zote nne, afadhali ujue siku hiyo kuliko kujua baada ya kununua ringi na beringi.

Sasa injini, ambako ndiko nilikoharibu.

Injini iliyolala muda mrefu haipigwi stata. Fungua plagi zote nne, mimina kwenye kila tundu vijiko viwili vitatu vya dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, nusu kwa nusu, kisha uondoke. Narudia: ondoka. Mimi nilirudi kesho yake, nikarudi keshokutwa, kila siku napachika hendeli ya kuzungushia injini pale mbele na kuning'inia kama tumbili. Siku ya tisa krankishafti, ule mhimili mkuu wa injini, ikasogea robo mzunguko na mimi nikapiga kelele mpaka Bibi akatoka jikoni na mwiko.

Hapo furaha ikanizidi akili. Nilikuwa na betri ya kuazima, nikaifunga, nikapiga stata. Injini ilizunguka mara mbili, ukasikika mlio kama wa kijiti kikavu, ikaendelea kuzunguka. Kilichotokea ni hiki: valvu moja ya ekzosi, ya kutolea moshi, ilikuwa imeganda kwenye njia yake. Kamshafti, mhimili unaoendesha valvu, ikasukuma, valvu ikakataa kushuka, na fimbo iliyo kati yao ikapinda kama msumari mbaya. Kava la tapeti, kile kifuniko cha juu kinachoficha valvu, kwenye injini hii limeshikwa na nati chache tu. Ningelifungua kwa dakika tano, nikazungusha kwa hendeli huku mwenzangu anaangalia valvu zote nane zikipanda na kushuka, ningeiona ile iliyoganda nikailowesha mafuta na kuibembeleza. Badala yake nilizunguka Moshi na Arusha siku tatu natafuta fimbo moja.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa utingo wa Babu alikuja kunitazama nikiwa nimekaa chini na ile fimbo mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaishika akaizungusha.

"Mjukuu wangu, injini ilikuomba ruhusa, ukaipa amri," akasema. Kisha akauliza kama nimeshatoa matope.

"Matope gani tena, Mzee?"

Babu, kumbe, alikuwa akijaza rejeta kwa maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Maji ya mifongo yetu yanatoka mlimani yamebeba udongo, na udongo ule ulikuwa umetuama chini ya bloku kuzunguka silinda, mgumu kama ukuta wa nyumba. Kusukuma maji kwa mpira hakutoshi. Fungua bomba la kutolea maji pembeni mwa bloku, ng'oa vile vizibo vya bati vilivyopigwa ubavuni, chokoa kwa waya mpaka uchoke. Nilitoa karibu karai zima. Magari mengi ya zamani yanayosemwa kwamba "yanachemsha kwa sababu ya uzee" yamejaa udongo tu. Vizibo nunua vipya, usirudishe vya zamani hata kama vinaonekana vizima.

Silinda hedi, kile kifuniko kizito juu ya silinda, niliifungua kwa sababu moja tu: nilipima mgandamizo, silinda ya tatu ikawa dhaifu kuliko wenzake. Kama zako zote zinakaribiana, usifungue kwa ajili ya kuona tu. Ukifungua, bolti kubwa za hedi zinarudi kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, mpaka futi-pauni 65, na baada ya kilomita mia chache unakaza tena. Nafasi ya tapeti, ule mwanya mdogo juu ya valvu, ni inchi 0.010, ekzosi na inteki (ya kuingizia) sawasawa, kwa hiyo fila geji moja, yaani kibati cha kupimia mwanya, inakutosha. Mpango wa moto, yaani silinda zinavyofuatana kuwaka, ni 1-3-4-2. Andika hayo kwa rangi ukutani.

Kuhusu spana, hapa ndipo vijana wanapoumiza gari bila kujua. Karibu nati zote ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na spana namba 13 itaingia vizuri tu, itakupa moyo, kisha itazunguka peke yake na kuacha nati imekuwa duara. Nunua seti moja ya inchi, hata ya mtumba. Hiyo ndiyo hela ya kwanza kutoa, kabla ya rangi.

Petroli ya zamani kwenye tangi inanuka kama vanishi, na imekuwa vanishi kweli. Shusha tangi, lioshe, weka mipira mipya. Kabureta iliyokuwepo kwenye gari letu ni Zenith, na kwa mwaka wa gari hilo ilipaswa kuwa Solex, hivyo kuna fundi aliwahi kubadilisha. Kasoro ya Zenith hii ni kwamba kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto, na injini inakosa utulivu ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Weka kioo juu ya meza, juu ya kioo weka msasa laini, sugua kifuniko taratibu kwa mzunguko mpaka kilale chote. Usipeleke kabureta gereji na kuiacha. Yangu ilirudi na jeti moja pungufu, na kila mtu pale aliapa hajaiona.

Umeme: Landrover za kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Yule kijana wa tatu hakulijua hilo. Angalia kwanza waya mnene unaokwenda kwenye bodi umeshikwa kwenye pembe ipi ya betri, chanya au hasi. Kama fundi wa zamani alishageuza, usimwamini, hakikisha na dainamo nayo imegeuzwa. Waya zenyewe zina lugha yake: kahawia ni moto wa betri moja kwa moja, nyeupe ni swichi, nyeusi ni bodi. Kabla ya kung'oa waya wowote, funga kipande cha plasta na uandike unakotoka.

Breki zinatengenezwa kabla gari halijawaka, wala si baada ya kuwaka. Mfumo wa gari hili una njia moja tu ya mafuta. Paipu moja ikipasuka, magurudumu yote manne hayana breki, na sisi tunaishi mteremkoni. Nilibadilisha masta silinda, silinda za magurudumu yote, paipu na mipira, nikanuna kwa gharama, lakini sikuacha hata moja. Ukifungua dramu usipulize lile vumbi kwa kompresa. Brekishuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Bodi nisiseme mengi, ila mwambie fundi wa kuchomelea mapema kwamba hii ni alumini. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, na haibadiliki rangi kuwa nyekundu kukuonya, inadondoka tu. Mlango wa kulia wa gari letu una tundu la kumbukumbu. Pale alumini inapokutana na chuma weka raba au rangi nzito katikati, la sivyo vinakulana.

Watu hunitisha pia kwamba petroli ya siku hizi haina risasi, itaharibu valvu. Nchi zetu zimeacha petroli yenye risasi tangu mwanzoni mwa 2006, na injini hii ina mgandamizo mdogo, haikimbizwi. Napima tapeti kila nikibadilisha oili. Nafasi ikianza kupungua haraka, nitajua viti vya valvu vinalika. Mpaka sasa havijalika.

Kilichobaki ni sili ya nyuma ya krankishafti. Inavuja tone moja moja usiku kucha. Nimeweka sinia la bati chini yake pale nyuma ya zizi, na sikuhitaji kupima pa kuliweka, doa jeusi la Babu bado lipo.