Teknolojia naipima kwa saa za mtoto mwenye homa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni teknolojia gani ijayo itakayobadilisha maisha yetu ya kila siku, na je, itamsaidia binadamu kuendelea kuishi? Najua wengi watawaandikia juu ya akili bandia, roboti na magari yasiyo na dereva. Mimi naandika juu ya mbu. Nilikuwa muuguzi tangu 1987 hadi nilipostaafu 2021, miaka mingi kati ya hiyo katika zahanati moja ya kijijini wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kwa kazi niliyoifanya, mtu akitaja uhai wa binadamu namwona mtoto wa miaka miwili, amefungwa kanga mgongoni kwa mama yake, kichwa kimelala upande.

Usiku mmoja wa Mei 1991, masika yamekolea, nililetewa mtoto wa namna hiyo. Homa ilimwanza jana yake asubuhi, jioni akapata degedege. Wakati ule wengi kwetu hawakujua kwamba degedege huweza kutokana na malaria. Walisema ni dege, ndege wa kishetani apitaye usiku juu ya nyumba, na tiba yake ni kwa mganga. Bibi yake alimfukiza kinyesi cha tembo, akamvisha hirizi, akakesha naye. Siku ya pili hali ilipozidi ndipo wakashika njia, mwendo wa saa tatu kwenye tope. Nilipomshusha kope la chini nikakuta ndani peupe: damu imemwishia. Kwinini, dawa ya malaria kali ya wakati ule, nilikuwa nayo, na karabai ya kumulikia. Damu ya kumwongezea haikuwepo, wala gari. Tukamtuma kijana na baiskeli akamwamshe mfanyabiashara wa mbao mwenye lori. Lori lilifika alfajiri. Mtoto alikuwa ameshakata roho, na mimi bado nimeshika mpira wa dripu.

Yule bibi sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Alifanya alichofundishwa na wakubwa wake, na alikesha. Kilichotunyang'anya yule mtoto ni saa: usiku mzima na mchana wake nyumbani, saa tatu njiani, kisha saa za kusubiri lori. Malaria kali ikimshika mtoto haimpi nafasi. Homa ya leo asubuhi inaweza kuwa msiba wa kesho. Tangu hapo kila kitu kipya kilicholetwa zahanati nilikipima kwa swali moja tu: kati ya homa na dawa sahihi, hiki kinapunguza saa kiasi gani?

Na vilikuja vitu vilivyopunguza kweli. Zahanati yetu haikuwa na hadubini. Kila homa tuliiita malaria, tukatoa vidonge, na wale waliokuwa na nimonia wakarudi siku ya tatu wamechoka zaidi. Kilipokuja kipimo cha haraka, tone moja la damu ya kidole, matone ya maji yake, dakika 15 hadi 20, mistari miwili ikitokea ni malaria, na mama anaiona kwa macho yake. Ukitokea mstari mmoja, unajua utafute kwingine: kifuani, sikioni, kwenye mkojo. Ni kipande cha plastiki kisichofika urefu wa kidole, na sijawahi kushika kifaa kilichonipa heshima ya kazi yangu kama kile.

Halafu ikaja artesuneti ya sindano, dawa mpya ya malaria kali. Anayeijua kwinini ataelewa. Dripu inatiririka saa nne, kila baada ya saa nane unaanza upya, na muuguzi unahesabu matone maana ikienda mbio moyo wa mtoto unaweza kusimama. Usiku mko wawili, watoto kumi na moja. Artesuneti inachomwa kwa dakika chache tu. Ilijaribiwa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa Muheza na Korogwe, na majibu yalipotoka 2010 yalionyesha kwamba kwenye kwinini walikufa asilimia 10.9, kwenye artesuneti asilimia 8.5. Ukiisoma hiyo kwenye karatasi utaona tofauti ndogo. Ni watoto 24 katika kila 1,000, na mimi nimewahi kuwafunga kanga watoto, kwa hiyo hesabu hiyo naisoma mmoja mmoja. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali.

Na simu. Hakuna aliyeileta kama kifaa cha hospitali, lakini kwa hesabu yangu ya saa iko juu kabisa. Usiku mmoja wa 2018, mjukuu wa bibi mwingine alishikwa na degedege. Huyu hakumwita mganga. Alimpigia mwanawe Dar es Salaam, akatumiwa pesa ya bodaboda kwenye simu, na kabla saa nzima haijapita walikuwa mlangoni kwangu. Nikapima, nikachoma sindano ya kwanza, nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Siku ya tano yule mtoto alipita na bibi yake kunisalimia, ana andazi mkononi, nusu lake liko shavuni. Ugonjwa ni uleule na masika ni yaleyale. Kilichobadilika ni saa.

Ndiyo maana nikisikia habari za ndege zisizo na rubani sizioni kama michezo. Rwanda wanapeleka damu hospitali za vijijini kwa njia hiyo tangu 2016. Kwetu, 2018, walijaribu kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe: kilomita 60 juu ya ziwa kwa dakika 40 hivi, wakati kwa barabara na kivuko safari ni ya saa sita. Mtu aliyewahi kusubiri damu usiku haulizi ndege ile ina umbo gani.

Sasa niseme linalonisumbua. Katika miaka yangu 34 nimeona silaha moja baada ya nyingine zikichakaa mikononi mwetu. Klorokwini, iliyokuwa dawa ya kila nyumba, ilishindwa, na 2001 nchi ikaiacha. Tukaenda SP, dawa ya vidonge iliyofuata, ambayo watu waliiogopa kwa habari za watu kubabuka ngozi, na ambayo haikushusha homa upesi, kina mama wakadhani tumewapa vidonge hewa. Nayo ikachoka, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Leo katika mkoa wa Kagera, kama ilivyo Rwanda na Uganda, vimelea vimeanza kuistahimili artemisinini, ambayo ndiyo mhimili wa hiyo mseto. Vyandarua navyo hivyo hivyo: mbu wameizoea ile dawa ya zamani. Ilibidi vije vyandarua vya dawa mbili, na vilipojaribiwa Misungwi, Mwanza, chenye klofenapiri kama dawa ya pili kilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, ukilinganisha na kile cha zamani. Hata kipimo changu cha plastiki kinakwepwa: huko Eritrea na Ethiopia wako vimelea waliopoteza ile protini kinayoitafuta, mtoto anaumwa na mstari wa pili hautoki.

Kuna pia mbu mgeni, Anopheles stephensi, aliyetoka Asia. Alionekana Djibouti 2012, kisha Ethiopia, na sasa ameshaingia Kenya. Mbu tuliowazoea wanapenda madimbwi ya shamba. Huyu anazaa kwenye simtanki, pipa na ndoo ya maji, vitu ambavyo kila nyumba ya mjini inavyo. Wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa wanaodhani malaria ni habari ya shamba, hili ni lao.

Kwa hiyo mkiuliza kuhusu kesho, jibu langu ni kwamba kifaa kimoja cha ajabu kitakachotuokoa mara moja tukapumzike sikitegemei. Ninachokihitaji ni mbio ambazo upande wetu haulali. Mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, karibu wote Afrika, na wengi wao ni watoto chini ya miaka mitano. Chanjo mbili zimeshapatikana, na zote mbili zilijaribiwa pia kwa watoto wa Bagamoyo kabla ya kuidhinishwa. Ghana, Kenya na Malawi walianza na ile ya kwanza 2019, na katika maeneo iliyotolewa vifo vya watoto, ukijumlisha maradhi yote, vilipungua kwa asilimia 13. Haizuii kila homa. Lakini mtoto aliyechanjwa, analala ndani ya chandarua, ana zahanati yenye kipimo na dawa, huyo ana kuta tatu. Na kuta hizi zinajengwa kwa fedha: Marekani ilipokata misaada 2025, waliotetereka kwanza ni wauguzi wa chini kabisa, wale wanaofungua kabati asubuhi kuona kama vipimo vipo.

Jambo la mbele zaidi, lile ambalo nadhani ndilo mlilokusudia kwa swali lenu, linafanyika pale pale Bagamoyo. Wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Imperial College London wamewabadilisha mbu jeni, ndani ya maabara iliyofungwa, ili kimelea kisikomae ndani yao. Waliwajaribu kwa vimelea vilivyotoka kwenye damu ya watoto wa Kitanzania waliokuwa wanaugua. Hapa pia ni mbio za muda, ndiyo maana habari hii imenikaa moyoni. Kimelea kikiingia kwenye mbu kinahitaji siku 10 hadi 14 kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine, na mbu wengi hawaishi muda huo. Kikicheleweshwa siku chache tu, mbu anakufa nacho tumboni. Maisha yangu yote nilipigania saa upande wa mtoto. Hawa wanamwongezea kimelea saa, mpaka zimshinde.

Kazi kubwa ni kuisambaza sifa hiyo porini. Kwa kawaida mzazi humrithisha mtoto nusu tu ya jeni zake, na sifa ngeni ikiachiwa huko hufifia. Kuna mbinu inayoifanya jeni ijinakili yenyewe, hivyo karibu watoto wote wa mbu yule wazaliwe nayo. Mwaka 2018, huko London, mbinu hiyo ilitumiwa kuwaondolea mbu majike uwezo wa kuuma na kuzaa, na ndani ya vizimba ukoo mzima ukatoweka katika vizazi 7 hadi 11. Mimi, kwa moyo wangu, naipenda zaidi njia ya Bagamoyo, inayomwacha mbu aishi na kumwondolea kimelea tu. Kufuta kiumbe ni jambo ambalo hata wenye elimu wakubwa wanapaswa kulitetemekea kidogo.

Na hapa nataka kusema kwa sauti. Mbu akishaachiwa hafungiki tena kijijini, na hakuna fomu ya ridhaa ya mtu mmoja itakayotosha. Burkina Faso waliachia mbu dume waliohasiwa kwa jeni 2019, kwa majaribio, katika kijiji cha Bana. Mwaka 2025 serikali ikasimamisha mradi wote uliohusika. Naelewa hofu. Nimekaa na kina mama walioambiwa chandarua cha bure kimetiwa dawa ya kuwafunga uzazi. Hofu ile haikuondolewa na bango wala redio. Iliondoka nilipochukua changu, nikakitundika kitandani kwa binti yangu aliyekuwa ndio kwanza ameolewa, wakaja kukiona. Wanaotengeneza mbu hawa waje vijijini sasa, wakiwa bado maabara, wakae mikekani, waulizwe maswali ya kijinga na ya maana, na wakubali kuambiwa subirini. Miaka miwili ya mazungumzo si hasara kwa kitu kitakachokaa na wajukuu zetu.

Maisha ya kila siku yatabadilikaje? Wanaume wa fani wataandika juu ya uchumi. Mimi najua mama wa Muheza anavyolala wakati wa masika: mkono wake wa kulia uko kwenye paji la uso la mtoto usiku kucha, anaamka akisikia pumzi imebadilika. Palizi limemngoja shambani na hajalala. Malaria ikiondoka, mkono ule utapumzika. Mtoto hatakosa shule wiki mbili kila mvua. Damu iliyoko benki itabaki kwa ajili ya wazazi wanaojifungua. Tutakaa barazani magharibi bila kuchoma maganda ya nazi kufukuza mbu, tukizungumza mpaka tuchoke wenyewe.

Juzi nilimsimulia haya jirani yangu, mama mtu mzima aliyezika watoto wawili miaka ya themanini. Alisikiliza akichambua mchele, hakunikatiza.

"Mama Nesi," akasema mwishoni, "hao mbu wa Bagamoyo, wakishaachiwa, hawatauma tena?"

"Watauma, dada. Ila hawatakuwa na malaria."

"Na itachukua miaka mingapi?"

Nikamwambia mingi, huenda mimi na yeye tusiione.

Akapepeta, akaweka ungo chini. "Basi mjukuu wangu ataiona. Mimi leo chandarua chake kimetoboka upande wa miguuni. Una sindano na uzi?"

Nikaingia ndani kuvitafuta.