Kwa mnaoanza mipango miji: barabara iliyohamwa na magari

Wadogo zangu mnaoripoti kazini mwaka huu, mkikabidhiwa barabara ya zamani ambayo magari ya safari yameihama baada ya baipasi, yaani barabara inayozunguka mji, kufunguliwa, msianze kwa kuhesabu magari. Mimi nilianza hivyo katika mtaa mmoja wa Ujiji. Nilikaa na fomu Jumanne na Jumatano, nikahesabu bodaboda, bajaji na Fuso, nikaandika kwamba mtaa umekufa. Ijumaa nikapita kwa shughuli zangu, nikakuta watu wametoka msikitini wamejaa pande zote mbili, na wauza kahawa hawapati nafasi ya kupumua. Fomu yangu haikuwa hata na safu ya waendao kwa miguu. Ilibidi nihesabu upya wiki nzima, tangu alfajiri hadi maduka yanapofungwa.

Ujiji yenyewe inafundisha. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia pale, kwenye Ziwa Tanganyika. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1914 ilikwenda kuishia Kigoma jirani, kwa kuwa ghuba yake ina kina cha kupokea meli. Biashara kubwa ikafuata reli, lakini watu hawakuifuata wote. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Ujiji bado wanachonga mitumbwi, wanauza dagaa na mawese, na wanapumzika chini ya miembe. Misafara haikurudi, na uhai wa mji haukuingoja. Kwa hiyo mtu akikuambia lengo la mradi ni kurudisha magari, mbishie kwa heshima.

Angalieni jinsi mtaa wa namna hii unavyodhoofika. Wa kwanza kufunga ni waliotegemea wasafiri: gesti, gereji, mama lishe wa kituo cha mabasi. Fundi cherehani, duka la dawa na saluni hubaki, maana wateja wao wanaishi jirani. Lakini upana wa barabara unabaki uleule, na magari machache yaliyobaki hukimbia kwa sababu njia ni nyeupe. Mama mwenye mtoto mgongoni anaogopa kuvuka, ananunua upande wake tu, na duka la ng'ambo linakosa nusu ya wateja wake. Ndiyo maana upana ule nauona kama akiba ya ardhi ambayo hamhitaji kumlipa mtu fidia ili kuipata. Mji wa Lancaster, California, uliitumia vizuri mwaka 2010: ulipunguza njia za magari katika mtaa wake wa zamani wa biashara, na katikati ukapanda miti na kuacha nafasi ya watu kutembea na magari kuegeshwa. Sisi hatuhitaji fedha kama zao kuanza. Kivuko kilichoinuliwa, miti ya kivuli na mtaro usioziba vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Mtaro uwe wa kwanza. Kigoma ina miteremko, na mvua ikianza mchanga wote unashuka barabarani.

Kabla ya kuchora mstari wowote, ulizeni barabara iko chini ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa taifa wa barabara; za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; na baipasi ikishafunguliwa, barabara ya zamani inaweza kuwa bado haijakabidhiwa. Hili si la makaratasi tu. Hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na mwenye nyumba iliyomo humo yenye alama ya X nyekundu ya kubomolewa hapaki rangi wala habadilishi bati. Mnaweza kupanda miti mpaka mchoke. Mtaa wa nyumba zenye X hautapendeza mpaka hatima ya zile nyumba ijulikane.

Lililoniuma zaidi ni la kodi ya pango. Katika mji mmoja tuliweka taa na njia za miguu, nikajivuna. Mwaka haukuisha, kodi za fremu zikapanda, na mafundi wa barazani tuliowafanyia kazi ile wakahama. Siku hizi nazungumza na wenye nyumba mapema, mmoja mmoja, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tuandikiane kwamba kodi haitaguswa kwa miaka miwili. Wapo wanaokataa. Nyumba zao naziwekea alama kwenye ramani, nijue mapema ni mafundi gani watahitaji kutafutiwa baraza nyingine mtaa uleule.