Usiuze leza kwa kuamini lebo yake

Kwa miaka kadhaa niliuza vifaa vya shule na vya ofisi, na miongoni mwa bidhaa zilizotoka haraka ni vielekezi vya leza, ambavyo wateja wengi huviita kalamu za leza. Walimu walivinunua kwa ajili ya kufundishia, wahadhiri kwa ajili ya mikutano, na vijana, kusema kweli, kwa ajili ya mchezo. Nilivipanga karibu na rula na kalamu za wino, kwa kuwa nilivihesabu kuwa bidhaa za aina hiyo hiyo. Lebo ilisema kwamba nguvu yake ni chini ya miliwati 1, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, nami sikuwa na sababu ya kuitilia shaka, au niseme wazi zaidi kwamba sikuitafuta sababu hiyo.

Siku moja mama wa mtoto wa miaka tisa alirudi na kielekezi cha kijani alichokinunua kwangu. Hakuja kudai fedha zake. Alinieleza kwamba mtoto alikuwa akijimulika kwenye kioo huku akiitazama nukta ya kijani, na kwamba tangu hapo jicho lake la kulia linaona doa katikati ya kila neno analosoma. Daktari wa macho alikuwa amekwisha kuwaambia kuwa pana mahali padogo palipoungua nyuma ya jicho. Akanionyesha ile lebo kwa kidole, asiseme neno. Nilitaka kumjibu kwamba lebo sikuiandika mimi, kisha nikaona aibu kulitamka jibu hilo.

Nilikipeleka kielekezi kile, pamoja na vingine vitano vya katoni ile ile, kwa rafiki yangu anayefundisha fizikia na mwenye kifaa cha kupimia nguvu ya mwanga. Cha kwanza kilitoa miliwati 22 za mwanga wa kijani. Alipoondoa kichujio alichokuwa amekiweka mbele ya kipimo, namba ikapanda na kuvuka 40. Nilidhani kifaa chake kimeharibika. Akanieleza kwamba ile ziada ilikuwa mionzi ya infraredi, ambayo jicho halioni hata chembe, na kwamba hilo ndilo lililomtia wasiwasi kuliko ule mwanga wa kijani.

Maelezo yake nayarudia hapa kwa urefu, kwa sababu sijakutana na muuzaji aliyewahi kuelezwa. Vielekezi vingi vya kijani havitengenezi kijani moja kwa moja. Ndani yake mna diodi, yaani kipande kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga, nayo hutoa infraredi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 808 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambayo huichochea fuwele ya kwanza itoe infraredi nyingine ya nanomita 1064, na fuwele ya pili ndiyo inayoigeuza hiyo kuwa mwanga wa kijani wa nanomita 532. Katika kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea, na infraredi isiyogeuzwa hubaki ikitafuta njia ya kutokea. Kielekezi kilichotengenezwa vizuri huwa na kichujio kidogo mdomoni cha kuizuia, lakini kichujio hicho ni gharama, na mtengenezaji anayetaka kubana matumizi hukiacha bila mnunuzi kugundua tofauti yoyote kwa macho. Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ililionyesha tatizo hili mwaka 2010, na mwaka 2013 ikatangaza matokeo ya kupima vielekezi 122: karibu asilimia 90 ya vile vya kijani na asilimia 44 hivi ya vile vyekundu havikutimiza masharti ya usalama ya nchi hiyo. Niliposoma takwimu hizo nilielewa kwamba katoni yangu haikuwa ya bahati mbaya. Ilikuwa katoni ya kawaida.

Kwa nini miliwati chache ziunguze jicho, ilhali kiganja hakihisi lolote? Jibu limo katika kazi ya lenzi ya jicho, ambayo ni kukusanya mwanga. Mwale unaoingia kwenye mboni hubanwa na kuwa nukta ndogo mno unapofika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mkolezo wake unaweza kuongezeka kiasi cha mara 100,000. Retina haina hisia ya maumivu, kwa hiyo mtu anaweza kuungua bila kujua mpaka atakapoanza kusoma. Mbaya zaidi, anayeitazama nukta kwa makusudi huielekeza penye makula, yaani sehemu ya katikati ya retina inayotuwezesha kusoma na kutambua nyuso. Kinga yetu ya asili ni kupepesa, tendo linalochukua kama robo ya sekunde, na kikomo cha miliwati 1 kimewekwa kwa kutegemea kinga hiyo. Lakini mtoto anayeshindana na wenzake kutopepesa ameiondoa kinga kwa hiari yake, na infraredi, kwa kuwa haionekani, haimpi mtu sababu ya kupepesa.

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa ndiko nilikokosea zaidi. Kiwango cha kimataifa kinachojulikana kwa namba IEC 60825-1 huzipanga leza kwa madaraja. Kwa mwanga unaoonekana, daraja la 2 huishia miliwati 1, daraja la 3R miliwati 5, daraja la 3B miliwati 500, na zaidi ya hapo ni daraja la 4, ambalo huweza kuunguza ngozi na kuwasha moto. Madaraja haya ni lugha ya pamoja tu. Uamuzi wa daraja lipi liuzwe kwa mtu wa kawaida ni wa kila nchi, na majibu hayafanani. Marekani inaruhusu vielekezi vya hadi miliwati 5. Australia huzuia kuingizwa nchini kwa vile vinavyozidi miliwati 1 bila kibali, na New Zealand nayo iliweka mpaka huo huo kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2014. Uswisi imekwenda mbali zaidi na kubakiza daraja la 1 peke yake, ambalo ni la leza hafifu kuliko zote. Umoja wa Ulaya, kwa uamuzi wa mwaka 2014, unataka bidhaa ya leza inayowavutia watoto iwe ya daraja la 1, hata ikiwa imeuzwa kama pambo la ufunguo.

Kutokana na tofauti hizo, katoni moja inaweza kuwa bidhaa halali kwa msambazaji na magendo kwa mpokeaji. Msambazaji wangu aliniambia kwa kujiamini kwamba bidhaa yake inauzwa kila mahali, nami sikumuuliza kila mahali ni wapi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa muuzaji mwenzangu ni kwamba, kabla ya kuagiza, aulize katika ofisi zinazohusika na mahali anapouzia, na aulize maswali matatu tofauti, kwa sababu ofisi moja mara nyingi hujibu moja tu. Shirika la viwango na idara ya forodha watamweleza kikomo cha nguvu na alama zinazotakiwa. Halmashauri au serikali ya mtaa itamweleza kama kuna sheria ndogo kuhusu umri wa mnunuzi au mahali pa kuuzia, na hapa ndipo wengi huteleza, kwani sheria ndogo huweza kuwa kali kuliko sheria ya nchi. Polisi au mamlaka ya usafiri wa anga watamweleza kuhusu kumiliki na kutumia, hasa karibu na viwanja vya ndege. Majibu ayaombe kwa maandishi. Jibu la mdomo halimsaidii mtu siku ya ukaguzi.

Kuhusu ndege nitasema kwa kifupi. Watu hudhani kwamba nukta ndogo ukutani hubaki ndogo angani, lakini mwale unaotanuka kwa milimita 1 katika kila mita 1 huwa na upana wa mita nzima unapofika umbali wa kilomita 1, na kioo cha chumba cha rubani huutawanya ukageuka kuwa pazia la mwanga. Marekani pekee iliandikisha matukio 13,304 ya ndege kumulikwa katika mwaka 2023. Tangu mwaka 2012 sheria yake inamtishia mtendaji kifungo cha hadi miaka 5, na Uingereza iliweka adhabu ya kiasi hicho mwaka 2018, ikijumuisha vyombo vingine vya usafiri pamoja na ndege. Mzazi anayemnunulia kijana kielekezi anapaswa kumwambia hayo kabla ya kumkabidhi.

Kwa kuwa lebo haiaminiki na wengi hatuna kipimo, ziko dalili ambazo mimi huzitazama. Bidhaa isiyotaja daraja, urefu wa wimbi, nguvu ya juu kabisa na jina la mtengenezaji haistahili hata kuwekwa kwenye rafu. Lebo zinazopingana, kwa mfano kiwiliwili kinachosema miliwati 1 ndani ya boksi linalosema 100, zinatosha kuirudisha katoni nzima. Kielekezi cha kweli cha miliwati 1 hutosheka na betri ndogo. Ukiona betri nene ya lithiamu ya kuchaji, lenzi ya kurekebisha mkolezo, au tangazo linalojivunia kuwasha kiberiti na kupasua puto, hicho si kielekezi tena. Ufunguo wa kufungia nao ni ishara, kwani kufuli ya namna hiyo hutakiwa kwa madaraja ya 3B na 4, ingawa wauzaji husifia ufunguo huo kana kwamba ni pambo la usalama. Kama unaagiza kwa wingi, mlipe mtu mwenye kifaa apime vipande vichache kutoka kila shehena, na umsisitizie apime infraredi pia. Kwa darasani, chagua chekundu cha daraja la 2. Kijani huonekana kung'aa zaidi kwa nguvu ile ile kwa sababu jicho letu ni jepesi zaidi kwa rangi hiyo, na mng'ao huo ndio unaowavutia wanunuzi, lakini chekundu hutoka moja kwa moja kwenye diodi na hakina ile infraredi ya kuvuja.

Ikitokea mtu amemulikwa jichoni, asilisugue jicho, maana kusugua huweza kukwaruza sehemu ya mbele na kumchanganya hata daktari. Mwanga ukimtia kiwi na ukungu wake ukaondoka baada ya dakika chache, kwa kawaida hakuna jeraha. Ila kama doa limebaki, au mistari iliyonyooka ya fremu ya dirisha inaonekana kupinda anapoitazama kwa jicho moja huku jingine likiwa limefunikwa, aende kwa daktari wa macho bila kuchelewa, na akibebe kielekezi chenyewe. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuponya retina iliyoungua na leza. Baadhi ya majeraha hupungua yenyewe katika miezi inayofuata na mengine hubaki.

Mtoto wa yule mama sasa anasoma, lakini husema kwamba herufi moja katikati huwa hafifu akifumba jicho la kushoto. Vielekezi vilivyosalia sikuvirudisha kwa msambazaji, kwa kuwa nilijua angemuuzia mwingine. Nilivitoa betri kimoja kimoja, nikavikata nyaya, nikavipeleka kwenye ukusanyaji wa taka za kielektroniki, nikabakiza kimoja tu, ambacho mimi na rafiki yangu humwonyesha kila anayetuuliza, kikiwa juu ya kipimo, lebo ikiangalia juu.