Kuhusu salio la kabati lililofika na kasoro

Ndugu yangu, umeuliza kama unaweza kuzuia salio lote kwa sababu kabati ulilomwagiza fundi limefika likiwa na ufa mlangoni na pembe iliyobonyea, naye anataka alipwe kwanza ndipo alirekebishe. Kwa maoni yangu, zuia kiasi kinachotosha gharama ya matengenezo tu, kwa kuwa anayekataa kulipia hata kazi iliyofanyika vizuri hujidhoofisha mwenyewe shauri likifika mbele ya msuluhishi.

Chunguza kasoro hizo kwa karibu. Ufa unaofuata mkondo wa nyuzi za mbao mara nyingi hutokana na mbao ambayo haikukauka vya kutosha, na hilo ni la fundi. Lakini pembe ambayo rangi yake imechubuka na nyuzi zimepondeka imegongwa, hivyo ni lazima ijulikane nani alikuwa na dhamana ya usafirishaji. Piga picha leo, kabla hujaweka nguo hata moja ndani, kisha mwandikie ukitaja kasoro, kiasi unachozuia na siku ya mwisho ya kurekebisha. Mimi niliwahi kuridhika na ahadi ya mdomo, nikajuta sana. Akikataa, mkubaliane juu ya fundi mwingine asiye na upande, alikague na kutoa makadirio kwa maandishi.