Jezi ya Thabeet Mgandini: igeuze kwanza, pesa baadaye

Belo la jezi za mitumba likifunguliwa soko la Mgandini, Tanga, namba 34 ya Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, haikai chini dakika mbili. Mchuuzi ataapa kuwa ni ileile aliyochezea Marekani. Huenda anaamini anachosema, maana na yeye kalinunua belo likiwa limefungwa. Usibishane naye. Igeuze jezi uangalie ndani.

Anza na miaka. NBA ilipogawa wachezaji wapya kwa timu mwaka 2009, Thabeet alichaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden. Februari 2011 akapelekwa Houston, mwaka uliofuata akapita Portland, kisha Oklahoma City hadi 2014. Muda wote huo jezi za NBA zilikuwa za Adidas. Nike waliingia msimu wa 2017–18, kwa hiyo jezi ya Memphis yenye jina lake na alama ya Nike ilitengenezwa mwenyewe keshaondoka zamani. Ya chuo, Connecticut, ndiyo ya Nike, hiyo isikutishe. Na mgongoni huandikwa THABEET, si Thabit.

Kinachowaliza wengi ni nembo ya Adidas kifuani. Mtu akiiona anadhani kapata uthibitisho, kumbe ndiyo inayomkana: jezi za uwanjani za wakati ule hazikuwa na nembo ya mtengenezaji kwa mbele. Zilizokuwa nayo ni za mashabiki. Mbele ya jezi ya kuchezea utakuta nembo ndogo ya NBA begani, basi. Nembo hiyo ikiwa nyuma, chini ya shingo, jezi ni ya kuanzia 2014–15, na msimu huo Thabeet hakucheza NBA tena.

Sasa shuka kwenye pindo. Lebo ya hapo huonyesha saizi, na kwa wachezaji warefu huongezwa inchi za urefu, kwa mfano +2 au +4. Lebo ikiwa imekatwa, ivae. Thabeet ana mita 2.21, jezi inayomwishia kiunoni mtu wa kimo cha kawaida haikushonewa jitu kama yeye. Kisha papasa namba. Za uwanjani ni kitambaa kilichoshonwa juu ya kitambaa, na ukigeuza ndani unaona mishono. Namba iliyochapwa, inayobanduka kama rangi ya ukuta wenye chumvi, ni ya shabiki.

Hata ikivuka yote hayo, bado inaweza kuwa jezi iliyoandaliwa kwa timu ikabaki kabatini. Hapo tafuta uchakavu wa kikapu: nyuzi zilizovutwa ubavuni anaposhikwa senta, yaani mrefu wa chini ya kikapu kama Thabeet, vifundo vidogo vya nyuzi chini ya kwapa, kitambaa kilichojikunja kuzunguka namba kwa kufuliwa mara nyingi. Lakini pima kwa akili. Msimu wake wa kwanza alicheza wastani wa dakika 13 kwa mechi. Jezi yake iliyochakaa kama ya mpiga debe inatia shaka kuliko iliyochakaa kidogo. Uthibitisho wenye uzito ni picha kubwa ya mechi: linganisha umbali wa herufi na mshono wa bega, na mahali mistari ya ubavuni inapokutana.

Ukishaamini ni ya uwanjani, usiifue. Jasho na uzi uliochomoka ndiyo thamani yake. Ya shabiki fua kwa maji baridi, lita tano na kijiko cha chai cha sabuni ya maji, imegeuzwa ndani nje, dakika 10. Jiki marufuku, pasi marufuku. Usiikamue, ilaze kivulini juu ya kanga safi.

Kuihifadhi ndiko kugumu, maana unyevu wa pwani hauna huruma. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani, na madoa ya ukungu hutokea yakaganda kwenye kitambaa cheupe. Hanga ya waya hushika kutu na kuacha alama begani. Udi nao uishie kwenye nguo za harusi: moshi wake ukiingia kwenye vitundu vya jezi hautoki, na mnunuzi atakayenusa udi hatasadiki kuwa hilo ni jasho la Memphis. Nunua marikani, ifue mara mbili wanga utoke, ikaushe kabisa, uviringie jezi humo bila kuikunja kwenye namba. Weka na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu, na kila baada ya wiki chache ifungue ipate hewa.

Ukitaka fremu, kioo kisiguse kitambaa, na ukuta usiwe unaopigwa na jua. Nyumba za mawe zinatoa jasho ukutani msimu wa masika, kwa hiyo kata vipande vinne vya kandambili kuukuu, unene wa sentimita moja na nusu, ubandike kwenye pembe za nyuma ya fremu ili hewa ipite.