Mwandishi wa habari anataka kumhoji mama wa mtoto aliyefanyiwa ukatili, nimruhusu?

Dada pole na majukumu. Umesema wewe ni msaidizi wa kisheria, mwandishi wa redio anataka kumhoji mama ambaye mwanae kafanyiwa ukatili na kesi ndo kwanza iko dawati la jinsia la polisi. Kwanza usimkwepe huyo mwandishi, maana kesi ikianza kupigwa danadana yeye ndo atakayeuliza faili limekwama wapi na watu wakastuka. Ila mkae chini kabla hajawasha rekoda. Muulize stori inahusu nini, inaruka lini, nani mwingine anahojiwa, na mama ajue anaweza kukataa swali lolote au kughairi kabisa, hilo umwambie wewe mwenyewe mkiwa wawili tu.

Jina la mtoto halitajwi, hiyo hata haijadiliwi. Lakini jina sio kila kitu dada, utasikia "mtoto wa darasa la tatu, baba yake fundi cherehani pale karibu na msikiti", hapo mtaa mzima ushajua ni nani! Kwa hiyo shule, kazi ya mzazi, mtaa, vyote vitoke, sauti ya mama ibadilishwe, na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, isipigwe picha hata kwa simu. Mambo ya ushahidi pia ayaache, yasubiri mahakama.

Mkishakubaliana hayo mpe na wewe kitu cha kuandika, mweleze PF3 inapatikanaje na dawati linafanyaje kazi, na mwombe amalizie kipindi kwa kutaja 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.