Kitindamlo cha boga cha tabaka, bila oveni

Dada yangu, umeuliza uwaandalie nini wageni wanane huko Minnesota mwezi huu wa Oktoba, majani yanapopukutika, ilhali oveni yako ni mbovu na unataka kitindamlo cha tabaka. Mimi ningechagua boga, kwani majira hayo limejaa kila duka.

Ponda gramu 200 za biskuti za tangawizi, uzichanganye na gramu 80 za siagi iliyoyeyushwa, kisha uzishindilie chini ya bakuli la kioo. Jibini laini, gramu 450, itoe kwenye friji saa moja kabla, kwa sababu ikipigwa ingali baridi hubaki na madonge madogo yasiyoondoka. Ipige na gramu 120 za sukari. Nusu itandaze juu ya biskuti, na nusu uichanganye na boga la kopo, mdalasini, kungumanga na karafuu kidogo sana. Soma lebo kwa makini, maana yapo makopo ambayo boga lake limekwisha kutiwa sukari na viungo, nayo yatakuharibia kipimo. Ukitumia boga bichi, lipike kwa mvuke, uliponde, kisha ulikamue katika kitambaa safi kama uchujavyo tui, hadi maji yaache kudondoka; niliwahi kupuuza hatua hiyo, nikawapakulia wageni uji.

Tabaka la juu liwe krimu iliyopigwa ingali baridi. Funika, uweke kwenye friji usiku kucha, na biskuti za kupambia uzinyunyize wakati wa kupakua tu, zisije zikalainika.